Mama Alimwambia Karani wa Sensa

Wiki ya sensa, Agosti 2022, nilikuwa Tanga kwa mama. Karani alifika saa saba mchana, kijana wa watu, kizibao kimemganda mgongoni kwa jasho, kishikwambi mkononi. "Shikamoo bibi." "Marahaba baba, karibu." Akawekewa kiti barazani, akaletewa maji ya kunywa. Mimi nilikuwa mkekani, hatua tatu kutoka pale, napepeta mchele. Maswali yakaanza: nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa, umri, ndoa, shule, kazi. Mama akawa anajibu upesi upesi kama anayetaja bei ya nazi. Halafu kijana, bila kuinua macho kwenye kioo chake, akauliza:

"Bibi, umezaa watoto wangapi waliozaliwa hai?"

"Watano."

"Walio hai leo?"

"Wanne."

Akabonyeza, akabonyeza tena, akahamia kwenye paa. Bati au makuti?

Sisi kwetu tuko wanne. Mimi, wadogo zangu wawili wa kiume, na kitinda mimba wetu aliyeolewa Muheza. Mimi ndiye kifungua mimba, na mtaa mzima unamwita mama kwa jina langu. Nikigombana na wadogo zangu, silaha yangu ya mwisho ni hiyo: mimi ndiye niliyemfanya mama aitwe mama. Miaka 44 naitumia. Nikapiga hesabu pale pale mkekani. Wadogo zangu wamepishana miaka miwili miwili, na mtoto wa kuja baada yangu ningemkumbuka, au shangazi zangu wasingeweza kunyamaza. Basi alikuwa kabla yangu. Ule mchele kama ulibaki na mawe, sijui. Jioni tuliula, na hakuna aliyelalamika.

Si kwamba nilishtuka kusikia mama aliwahi kuzika. Wanawake wa rika lake ambao hawajazika mtoto, mtaani kwetu, unawahesabu kwa vidole. Kilichonikaa rohoni ni wepesi wa lile jibu. Neno moja, kwa mgeni, mchana kweupe, halafu mazungumzo yakahamia kwenye bati. Mimi mapenzi yangu ni filamu na riwaya, na huko siri ya namna hii inakula saa mbili nzima, inataka wakili, inataka safari ya kuvuka bahari, na inataka walau kaburi moja.

Hilo kaburi ndilo lililoniletea haya ninayoyaandika.

Kila aliyekaa kibanda umiza kutazama filamu anakijua kitanda ninachokisema. Mama kalala hospitalini, dripu inatona, mwanawe kamshika mkono. Anakohoa mara tatu. "Mwanangu... kuna jambo... sikukwambia. Baba yako... baba yako si..." Macho yanageuka, shuka inavutwa usoni, inaandikwa "Sehemu ya Pili". Kesho yake mtu anatumwa tena na hela mkononi akakodi hiyo sehemu ya pili. Tulizitazama nyingi za Kinaijeria na za hapa kwetu, nyingine zikiwa na sauti ya Lufufu juu yake, yule mtafsiri aliyewafunika waigizaji kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Mama alikuwa anazipenda, lakini kitanda kile kilimuudhi. Nakumbuka usiku mmoja alinyanyuka kabla haijaisha, akajifunga kanga, akasema, "Si angesema tangu juzi, alipokuwa anapika?"

Tulicheka. Sikujua kwamba ndiyo hoja nzima.

Tangu siku ya karani nimezirudia kazi nilizokuwa nazipenda nikiwa na swali moja la kikorofi: siri inapotoka, mama mwenyewe yuko wapi? Mara nyingi mno yuko mavani. Na naona ni kwa nini waandishi wanampeleka huko mapema. Mama aliyekufa hasuti. Hawezi kusema "hukuelewa", hawezi kukasirika kwamba umepekua sanduku lake. Unamlilia, unamsamehe, unatoka ukumbini umeshiba huruma, naye hajapewa nafasi ya kukuuliza: kwani nani alikwambia nataka kusamehewa?

Chukua Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, ya mwaka 1996. Mwandishi ni Mkenya, ila sisi watu wa Tanga tunaihesabu kuwa yetu, maana Kongowea Mswahili anaanzia kwetu, mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Nikilisoma jina la Zainabu nasikia sauti ya Shakila, aliyeimba Tanga na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na ule wimbo wake ambao mama huuvuma akisuka ukili, wa macho yanayocheka huku moyo unalia. Lakini ona mambo yalivyopangwa. Zainabu anakufa mtoto angali mdogo, na riwaya inavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba. Mtu aliyelijua jibu tangu mwanzo tumeshamzika, tunahangaika na mtu ambaye hakuwepo.

Au Incendies, filamu ya Denis Villeneuve ya 2010, iliyotokana na tamthilia ya Wajdi Mouawad. Mama, Nawal Marwan, amehamia Kanada kutoka nchi ambayo filamu haiitaji jina, ila ukiangalia vita yake unaiona Lebanoni. Alikuwa karani wa wakili. Anapokufa, wakili huyo anawasomea wosia watoto wake pacha, Jeanne na Simon: kuna bahasha mbili, moja mpeleke kwa baba yenu, ambaye wao wanaamini alishakufa, nyingine kwa kaka yenu, ambaye hawajawahi kumsikia. Na mpaka bahasha zifike, azikwe uchi, kifudifudi, bila jeneza, bila jiwe lenye jina.

Nilimsimulia mama. Hakunipitisha hapo.

"Bila sanda?"

"Ndivyo alivyousia."

"Na huyo wakili akakubali?"

Nikamwambia subiri, kisa kinakuja mbele. Akasema hataki kisa, anataka kujua watoto wake walikuwa wapi wakati mama yao anaenda kaburini uchi. Sikuwa na jibu. Nikabaki na methali moja, mficha uchi hazai, ambayo maisha yangu yote nimeisikia kama nasaha ya kumwambia mgonjwa asimwonee haya mganga. Nawal aliuficha uchi wake maisha mazima, akazaa, halafu mwisho akadai aoneshwe ardhini hivyo hivyo. Sitawaharibia kinachomo kwenye bahasha. Niseme tu kwamba hesabu ya filamu ile imekaa sawa mno kwa roho yangu, kila kitu kinajibu kila kitu, na si ajabu Jeanne kafanywa mtu wa hisabati. Mimi kinachonichoma ni kidogo zaidi. Simon ana hasira na mama yake kwa sababu hakuwa mama kama mama wengine. Miaka yote waliishi naye nyumba moja. Ilibidi wavuke bahari wakawaulize wageni.

Niliyokaa nayo zaidi ni Gravel Heart ya Abdulrazak Gurnah, ya 2017, na hapa nitaharibu, kwa hiyo ambaye hajaisoma aruke aya tatu.

Salim ni mtoto wa Zanzibar. Ana miaka saba, baba yake Masud anaondoka nyumbani, anakwenda kuishi chumba cha nyuma ya duka, hasemi, hafanyi lolote. Mama yake, Saida, anampikia kila siku, na mtoto ndiye mbeba kikapu. Hakuna anayemweleza kitu. Baadaye inakuja gari la mkubwa fulani serikalini, baadaye anazaliwa mdogo wa kike, baadaye mjomba Amir anamchukua Salim kwenda London, na bado hakuna anayemweleza. Salim anamwandikia mama yake barua kwenye daftari, zile za moyoni hazipeleki. Mama anakufa. Salim anarudi, na baba ndiye anayekaa naye usiku kucha na kumfungulia: Amir alikamatwa kwa sababu ya binti wa makamu wa rais. Hakim, kaka wa yule binti, mtu mzito, akataja bei ya kumwachia, na bei yenyewe ilikuwa Saida.

Gurnah jina la kitabu kalichukua kwa Shakespeare, kwenye Measure for Measure, mchezo ambamo Isabella anaambiwa vilevile: kaka yako anakatwa kichwa, labda uje kulala nami. Isabella anakataa, na anaokolewa kwa hila za mtawala aliyejigeuza mtawa. Saida anakubali. Zanzibar ile hakukuwa na mtawala mwema aliyejificha kwenye joho.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na kitabu ninachokipenda. Siri inaitwa ya mama, lakini kosa la mama ni lipi? Mkubwa alitumia cheo, kaka aliokolewa akaenda zake ng'ambo kula maisha, mume alijifungia chumbani na huzuni yake. Aliyebaki na mzigo, na bado anasonga ugali na kufunga kikapu, ni Saida. Na hata kuusimulia ule mzigo hakupewa. Kausimulia mume, tena vizuri, kwa uchungu, nasi tunamhurumia yeye. Najua Gurnah kafanya makusudi, pengo lile ndilo kitabu. Ila nimekaa nikimtamania Saida usiku mmoja wa peke yake, miguu kaikunja mkekani, mwanawe mbele yake, akisema: ilikuwa siku fulani, saa fulani, nilivaa buibui, nikatoka.

Mama simsomei Gurnah kwa Kiingereza, lakini kisa hiki nilimpa. Alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha: "Kaka mtu alimshukuru?" Nikafikiri. Nikamwambia sidhani. Akasema, "Basi."

Kuna mwandishi mmoja aliyeniuma kuliko wote, na hakuandika riwaya hapa bali barua. Annie Ernaux, Mfaransa aliyepata Nobel mwaka 2022, mwaka ule ule wa karani wangu. Kitabu kinaitwa L'Autre Fille, "yule binti mwingine", cha 2011. Mwaka 1950 ana miaka kumi, anacheza nje ya duka la wazazi wake katika mji wa Yvetot, Normandy, anamsikia mama yake akizungumza na mteja. Anamwambia kwamba waliwahi kuwa na binti mwingine, akafa kwa dondakoo akiwa na miaka sita, kabla huyu hajazaliwa. Na kwamba yule alikuwa mwema kuliko huyu.

Yule dada alikufa 1938, na mwaka huo huo chanjo ya dondakoo ikafanywa ya lazima Ufaransa. Dondakoo, kifaduro, pepopunda: sisi wenye watoto tumeyaimba majina hayo kliniki mpaka yakapoteza maana. Ernaux hakuwahi kuwauliza wazazi wake, nao hawakuwahi kumwambia. Baba akafa 1967, mama akafa 1986, yeye akaja kumwandikia yule dada barua akiwa na miaka sabini. Kuna mahali anasema, kwa maneno yake, kwamba wazazi hawakukusudia zaidi ya mtoto mmoja, kwa hiyo yeye yupo kwa kuwa yule hayupo. Nilikifunga kitabu nikaenda kusimama dirishani. Mteja dukani, karani barazani. Kwa nini mama anaweza kumwambia mtu wa kupita?

Wapo watakaosema siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi mtoto ni kata, nilitakiwa kujua. Sikukubali. Kata inazama na kutoka mara mia kwa siku, na bado chini kabisa ya mtungi kuna maji ambayo haiyafikii.

Nilijipa sababu nyingine: labda mama zetu wanasema, ila sisi hatusikii kwa sababu hawasemi kwa kinywa. Mama ana kanga moja kongwe, nyeusi na nyekundu, imepauka, imeandikwa SINA SIRI NINA JIBU. Utotoni niliamini ilinunuliwa kwa ajili ya jirani mmoja waliyekuwa hawapatani, kwa sababu aliivaa kwa ukali, mbele mbele, kila alipokwenda kuteka maji. Siku hizi anaitumia kufunikia unga.

Filamu niliyokuwa naogopa kumwonesha ni Secrets & Lies ya Mike Leigh, ya 1996, iliyochukua tuzo ya juu kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huo. Niliogopa kwa sababu mle mama hajafa. Hortense ni mwanamke mweusi wa London, mpima macho, amelelewa na wazazi waliomwasili. Mama mlezi anapofariki, anakwenda kulitafuta faili lake. Hilo lenyewe lina historia: England na Wales ni sheria ya watoto ya 1975 iliyowaruhusu walioasiliwa, wakitimiza miaka 18, wakione cheti chao cha asili cha kuzaliwa, na walioasiliwa kabla ya sheria hiyo, kama Hortense, walilazimika kwanza kukaa na mshauri. Fikiria wasichana waliowatoa watoto wao miaka ya sitini wakiamini mlango umefungwa, halafu bunge linakuja kuufungua. Hortense anafungua bahasha na kukuta mama yake ni mzungu, Cynthia, mfanyakazi wa kiwanda cha maboksi, ana binti mwingine wanayegombana kutwa.

Wanakutana nje ya kituo cha treni cha Holborn, wanaingia mgahawani. Na pale Leigh anafanya kitu ambacho nakiona ni ujasiri mkubwa kuliko mabomu yote ya sinema: anaiweka kamera, anaiacha. Zaidi ya dakika saba bila kukata. Hakuna muziki. Wanawake wawili na chai.

Tuliitazama mwaka jana, mwezi wa saba, kompyuta juu ya kigoda, mama anamenya machungwa ya Muheza aliyoletewa na kitinda mimba wetu. Mimi nilikuwa Lufufu. Natafsiri kwa sauti ya chini, naongeza chumvi kidogo pale Kiingereza chao kinaponishinda.

"Mbona wamekaa upande mmoja kama abiria wa daladala?" mama akauliza.

Nikamwambia ni ili sisi tuwaone wote.

"Na chai hawanywi."

Cynthia anakataa. Anasema pametokea makosa, karatasi zimekosewa, yeye hajawahi kuwa na mwanamume mweusi, angekumbuka. Anaongea, anaongea, Hortense katulia na karatasi zake. Kisha Cynthia ananyamaza. Uso unabadilika taratibu, kama maji yanavyopanda ndoo, hata chozi halijatoka.

"Amekumbuka," mama akasema. Nilikuwa sijatafsiri kitu. Hapakuwa na cha kutafsiri, hakuna neno lililosemwa.

Niliiacha iendelee. Baadaye kidogo, nikaona kisu kimetulia kwenye chungwa, nikajikuta nasema:

"Mama, yule karani."

"Yupi?"

"Wa sensa."

"Ehe."

"Ulimwambia watano."

"Aliniuliza."

Nikamwambia, kwa ukali kuliko nilivyotaka, kwamba mimi ningeulizaje jambo ambalo sikujua kama lipo.

Akaliweka ganda kwenye sahani, refu, halijakatika. "Siku ile ulikuwa unapepeta mchele pale pale. Ulisikia. Nikasema haya, leo usiku atakuja. Hukuja. Nikasema kesho. Tangu siku ile umeniletea wazungu, umeniletea Waarabu wa kuzikwa bila sanda, umeniletea huyo wa Unguja. Kuniuliza umeniuliza?"

Nikaisimamisha filamu. Cynthia akabaki kwenye kioo na mdomo wazi.

Katika visa hivi vyote swali la kwanza la mtoto huwa ni baba ni nani. Hata Hortense anakuja kuliuliza, kama baba yake alikuwa mtu mwema, na Cynthia anamwomba asimvunje moyo, na Leigh, Mungu ambariki, anaiacha droo hiyo imefungwa mpaka mwisho wa filamu. Mimi nilikuwa nimekaa na maswali yangu kwa karibu miaka mitatu, nimeyapanga vizuri: mwaka gani, ugonjwa gani, baba alijua, wapi alizikwa. Yote yakapotea. Nikauliza aliitwa nani.

Akanitajia. Lilikuwa jina fupi, la kike, na ukilitia Mama mbele yake linakaa vizuri sana mdomoni. Sitaliandika hapa.

Akaligawa chungwa, akanipa kipande kikubwa.

"Haya, mama, washa," akaniambia. "Usimwache mwenzio analia."